Mpango wa juma katika darasa la chekechea: shughuli mpya kila siku, au kurudia zilezile?

Swali: Mwalimu mpya wa chekechea

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nimekabidhiwa darasa la watoto 22 wenye umri wa miaka 4 na 5, pamoja na mwalimu msaidizi mmoja ambaye huwa nami hadi wakati wa mapumziko tu. Mtaala unaeleza vizuri umahiri ambao mtoto anatarajiwa kuufikia mwishoni mwa mwaka, lakini hauelezi juma moja likae vipi, na hapo ndipo ninapokwama.

Kwa sasa nimeligawa juma kwa masomo: Jumatatu ni siku ya lugha, Jumanne hesabu, Jumatano sayansi na mazingira, Alhamisi sanaa na muziki, na Ijumaa michezo pamoja na marudio. Kila siku ninaandaa shughuli tatu au nne ambazo watoto hawajawahi kuziona. Maandalizi haya yananichukulia jioni zangu zote, na hilo ningelivumilia kama ningeona matunda yake, lakini shughuli ya Jumatatu ikifika Ijumaa karibu kila mtoto ameshaisahau. Aidha, kila tunapohama kutoka shughuli moja kwenda nyingine darasa linavurugika, kwa kuwa waliomaliza mapema wanazurura na kuwasumbua wenzao, huku wengine wakilia kwamba wamenyang'anywa kazi kabla hawajaimaliza.

Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo matatu. Je, inafaa kurudia shughuli zilezile juma zima bila watoto kuchoka? Saa za asubuhi zigawanywe vipi ili vurugu za kuhama zipungue? Na hesabu na herufi ziingie wapi ikiwa watoto watacheza sehemu kubwa ya siku, maana wazazi wameanza kuulizia madaftari?

Jibu: Mwalimu wa darasa la awali

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa kazi. Kwa maelezo yako, darasa lako limezidiwa na wingi wa shughuli. Mtoto wa miaka 4 anapokutana na kifaa kwa mara ya kwanza hukizoea kwanza: atakigeuza, atakigonga mezani, atakiweka kichwani, atamwonyesha jirani yake. Maswali yenye faida huanza kumjia siku ya pili au ya tatu, pale kifaa kinapokuwa si kigeni tena, na kwa ratiba yako ya sasa siku hiyo haifiki kamwe kwa sababu kifaa kimesharudishwa kabatini. Kwa hiyo ningekushauri ulijenge juma juu ya vitu vitatu ambavyo havibadiliki tangu Jumatatu hadi Ijumaa, yaani hadithi moja, meza moja ya uchunguzi, na kona zilezile za kuchezea (sehemu za darasa ambazo kila moja ina mchezo wake, kama kujenga au kuigiza). Kinachobadilika kila siku ni swali unalouliza na kitu kidogo unachokiongeza.

Jambo hili si geni katika kazi yetu. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na kuipa jina la Kindergarten mwaka 1840, aliwaandalia watoto mfululizo wa vifaa alivyoviita zawadi: kwanza mipira laini ya nyuzi za sufu, kisha tufe, mchemraba na silinda za mbao, kisha mchemraba uliogawanyika katika vipande 8. Kila zawadi ilichukua kitu kutoka kwa iliyotangulia, hivyo mtoto hakuanza upya kila mara. Maria Montessori naye, aliyefungua shule yake ya watoto, Casa dei Bambini, huko Roma mnamo Januari 1907, alishangazwa na jinsi watoto walivyorudia kazi moja tena na tena kwa hiari yao, bila kuagizwa na mtu. Anayechoka na marudio mara nyingi ni mwalimu, kwa sababu yeye tayari anajua mwisho wake.

Nianze na hadithi. Chagua iliyo fupi, yenye matukio yanayofuatana na sentensi inayojirudia ambayo watoto wataidaka haraka. Jumatatu isome mwanzo hadi mwisho bila kuikatiza kwa maswali, kwani siku hiyo watoto wanataka tu kujua ilikuwaje. Jumanne isome tena, sasa ukisimama penye maneno matatu au manne mapya na kuyaeleza papo hapo kwa mwili. Ikiwa mhusika amenyemelea, basi watoto wote wasimame wanyemelee hadi ukutani na kurudi. Jumatano igizeni, na wewe ubaki kuwa msimulizi. Alhamisi wape picha za matukio zilizochanganywa ili wazipange kwa mfuatano, na usishangae wakibishana, kwa kuwa ubishi juu ya lipi lilitangulia ndio ufahamu wenyewe. Ijumaa kila mtoto achore sehemu aliyoipenda, kisha akueleze alichochora nawe uyaandike maneno yake chini ya mchoro kama alivyoyatamka, hata kama upatanisho wa kisarufi umekwenda kombo, halafu umsomee huku kidole chako kikifuata neno moja moja. Kwa njia hiyo mtoto anaona kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake yanaweza kukaa kwenye karatasi na kusomwa na mtu mwingine, jambo ambalo ni vigumu kumfundisha kwa kumpa herufi za kunakili.

Meza ya uchunguzi ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa hiyo nitairefusha kidogo. Chukua mabeseni mawili yenye maji ya kina kifupi na sinia yenye vitu vya kawaida: kokoto, kizibo cha plastiki, kijiti, sarafu, ufunguo, jani, sponji na donge la udongo wa kuchezea. Jumatatu waache wamimine na kuzamisha watakavyo, ukihakikisha tu kwamba mtu mzima yupo hapo muda wote. Jumanne waanze kubashiri: kabla ya kutumbukiza kitu, mtoto akiweke upande wa vitakavyoelea au upande wa vitakavyozama, kwa sababu asipobashiri kwanza hatakuwa na cha kulinganisha na kile atakachokiona. Jumatano ongeza kipande kikubwa cha mbao, kizito kuliko sarafu. Wengi watakuwa wamekwisha kuamini kwamba vizito huzama, na mbao hiyo itakapoelea huku sarafu ndogo ikienda chini, imani yao itatikisika. Alhamisi donge la udongo, ambalo limezama tangu Jumatatu, lifinyangwe liwe kama bakuli la ukingo mrefu. Litaelea. Udongo ni uleule na uzito ni uleule, ila sasa umbo lake linasukuma maji mengi zaidi pembeni. Huna haja ya kuwapa maelezo hayo; wanaotaka kujua zaidi watakuuliza. Ijumaa wapakie kokoto kwenye mabakuli yao moja baada ya nyingine hadi yazame, na hapo kuhesabu kunakuja kwenyewe, kwa sababu kila mmoja anataka kujua chombo chake kilibeba ngapi.

Katika meza kama hiyo, mtoto mmoja aliwahi kunieleza kwamba sarafu imezama kwa sababu imechoka kuogelea. Sikumkosoa. Nilimpa sarafu nyingine, akaitazama pande zote mbili, akasema hii bado haijachoka, akaitumbukiza. Ilipofika chini alikaa kimya kidogo, kisha akauchukua ufunguo na kuulizia kama nao umetengenezwa kwa kitu kilekile. Alikuwa ameiacha nadharia yake ya kwanza na kutafuta nyingine, na hakuna maelezo yangu ambayo yangemfikisha pale upesi zaidi.

Kuhusu saa za asubuhi, tatizo la kuhama litapungua sana ukipunguza idadi ya kuhama kwenyewe. Watoto wakiwasili wakute vitu mezani na waanze kucheza bila kusubiri wenzao. Halafu duara la pamoja lisilozidi dakika 15, la salamu, mahudhurio, wimbo wa vitendo na maelezo ya kilichoongezwa leo. Kisha kipindi kirefu cha kona, saa nzima kama inawezekana na kamwe si chini ya dakika 45. Mchezo wa kuigiza au wa kujenga huchukua muda kupamba moto, kwani watoto hutumia dakika nyingi za mwanzo kugawana nafasi na kuamua nani ni nani, na ukipiga kengele baada ya dakika 20 unakuwa umewakatiza mlangoni. Baada ya kona ni kupanga vitu, kisha mapumziko, michezo ya nje, na hadithi kabla ya kwenda nyumbani. Michezo ya nje usiikate kwa ajili ya kufidia masomo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku, zikiwemo dakika 60 za kutoa jasho.

Kwa wale wanaolia kwamba wamenyang'anywa kazi, tengeneza kadi yenye jina na picha ya kila mtoto. Ambaye hajamaliza anaiweka kadi yake juu ya kazi, na kazi hiyo haiguswi na mtu hadi kesho. Kilio kitapungua pindi watakapoamini kwamba kadi inaheshimiwa, na hiyo ina maana kwamba wewe na msaidizi wako muwe wa kwanza kuiheshimu, hata pale mnara wa matofali ya mbao unapozuia ufagio.

Jibu: Mkufunzi wa walimu

Ninaunga mkono karibu yote yaliyosemwa na mwalimu hapo juu, nami nijibu swali la hesabu na herufi, ambalo amelipitia kwa haraka.

Kuhesabu si kitendo kimoja. Watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza mwaka 1978 kanuni tano ambazo mtoto huzikusanya polepole: kila kitu kipewe tamko moja tu, matamko yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, tamko la mwisho ndilo litajalo idadi ya vitu vyote, chochote kinaweza kuhesabiwa, hata milio ya kengele, na haijalishi umeanzia kitu kipi. Mtoto anayeimba moja hadi ishirini bila kukosea huenda ana kanuni ya pili peke yake. Ukitaka kujua kama anayo ya tatu, usimwambie ahesabu vizibo vilivyo mbele yake, bali mwambie akuletee vitano kutoka kwenye kikapu. Asiyeielewa atachota vya kujaza kiganja na kukuletea kwa furaha. Mwingine, baada ya kuhesabu vitano vizuri kabisa, ukimuuliza ni vingapi ataanza tena, moja, mbili, tatu, kana kwamba swali lako lilikuwa ombi la kurudia wimbo. Watoto hawa wawili hawahitaji namba kubwa zaidi. Wanahitaji kazi nyingi zisizovuka tano, zenye sababu ya kweli ya kuhesabu.

Sababu hizo zimejaa katika ratiba uliyoshauriwa. Katika mahudhurio, watoto wahesabu viti vilivyobaki wazi na waseme wangapi hawakuja. Anayegawa vikombe apewe kazi ya kuleta vinavyotosha meza yake kwa safari moja, bila kuongeza wala kupunguza. Mchezo wa kete na njia yenye vyumba hadi kumi unamfundisha mtoto kwamba namba kubwa iko mbali zaidi, na vilevile unamzoesha kutambua vidoti vitatu au vinne kwa kutupa jicho tu. Jaribu pia zoezi mashuhuri la mwanasaikolojia Jean Piaget: panga safu mbili za vizibo sita sita zinazolingana, kisha uitanue safu moja mtoto akikuangalia, na umuulize ipi ina vingi. Wengi wa umri huo wataonyesha iliyo ndefu. Usiwasahihishe kwa kuwaambia kwamba zinalingana. Waulize wamejuaje, na uwape nafasi ya kuunganisha kizibo kwa kizibo.

Kwa upande wa lugha, masikio yaende mbele ya macho. Kiswahili kina bahati ya silabi zinazosikika waziwazi, kwa hiyo kupiga makofi kwa kila silabi ni mchezo ambao hata mtoto wa miaka 4 anauweza: me-za, ki-ka-pu, ma-te-mbe-zi. Ukifika kwenye m-to-to utakuta baadhi wanapiga mara mbili, wakiimeza ile m ya mwanzo, na hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu mtoto asiyeisikia m hiyo ataiacha pia atakapoanza kuandika. Baadaye uwaombe watafute vitu darasani vyenye mwanzo unaofanana kisauti, kama kiti na kitabu, kisha vyenye mwisho unaofanana. Herufi zianze na zile za majina yao wenyewe, ambazo wanaziona kila siku kwenye kadi.

Penseli isiwahishwe. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka kama 3, alama ya kujumlisha karibu na miaka 4, mraba baada ya hapo, na pembetatu akikaribia miaka 5 au zaidi. Asiyeweza bado mistari ya mshazari atateseka bure na herufi K. Vidole vyake vinahitaji udongo wa kufinyanga, mkasi, vibanio vya nguo na shanga za kutunga, na hivyo vyote vinaweza kukaa kwenye kona moja juma zima.

Jibu: Mwalimu wa darasa la kwanza

Niruhusuni nipingane kidogo, kwa kuwa mimi ndiye ninayewapokea watoto hawa wakitoka kwenu.

Sina ugomvi na kucheza, na meza ya maji iliyoelezwa hapo juu ningependa hata mimi niwe nayo. Ninachohofia ni kwamba mwalimu mgeni akiambiwa aache kugawa juma kwa masomo na angoje hesabu na herufi zijitokeze katika kona, zitajitokeza kwa watoto wale wale ambao wamekwisha kusomewa hadithi nyumbani. Mtoto aliyeshika kona ya kujenga tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na ambaye nyumbani hakuna kitabu, anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na sauti za herufi kwa utaratibu. Watoto wa namna hiyo ninawafahamu. Wana akili nzuri, wanajenga madaraja ya ajabu, na juma la kwanza darasani kwangu hawajui kwamba kusoma huanzia kushoto.

Kwa hiyo ningeomba kila mtoto apate dakika 10 za kufundishwa moja kwa moja kila siku, katika kundi la watoto watano au sita, kwa mfuatano ambao mwalimu ameupanga mapema na kuuandika. Irabu tano zitangulie, kisha konsonanti moja inayounganishwa na irabu zote, na mtoto aisikie, aitamke, aitafute na aiguse kabla ya kuiandika. Dakika 10 hazimchoshi mtu wala hazimharibii mtoto mchezo wake. Ila zinataka nidhamu ya mwalimu, kwani ni rahisi sana kuziahirisha siku ambayo maji yamemwagika.

Kuhusu madaftari, wazazi wana haki ya kuona kazi. Mwekee kila mtoto jalada lenye michoro ya Ijumaa iliyoandikwa tarehe pamoja na maneno yake chini. Mzazi akilinganisha mchoro wa mwanzo wa muhula na wa mwisho wake ataona mengi kuliko ambayo ukurasa wa a a a a a ungemwonyesha.

Jibu: Mwalimu wa elimu maalumu

Nitaongeza machache tu.

Ratiba iwe ukutani kwa picha, ikiwa na kishale ambacho mtoto mmoja anakisogeza kila shughuli inapokwisha. Wapo watoto ambao fujo zao wakati wa kuhama zinatokana na kutojua kinachokuja, na kwao picha hiyo inasaidia kuliko karipio. Toa taarifa dakika 5 kabla ya muda kuisha, halafu dakika 1 kabla, kwa ishara ileile kila siku.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Huwezi kuwachunguza watoto 22 kwa siku moja, lakini ukiwagawa katika siku tano unapata wanne au watano kwa siku, na hao unaweza kuwafuatilia kwa makini bila wenyewe kujua kwamba ni zamu yao. Andika ulichokiona, si sifa. "Amefanya vizuri" haitakusaidia chochote mwezi ujao. "Amepanga vizibo kwa rangi, akahesabu vyekundu hadi saba, akaruka sita" inakuambia la kufanya kesho. Mwisho wa juma utaona pia ni watoto gani ambao imekuwa vigumu kupata cha kuandika juu yao, na mara nyingi hao ndio wale wapole ambao hawakusumbui, kwa hiyo zamu yao ije mapema juma linalofuata.

Muulizaji

Ninawashukuru nyote kwa kunijibu kwa kina. Nimeanza kuichora upya ratiba, na ninaona kwamba dakika 10 za makundi madogo zinaweza kukaa ndani ya kipindi cha kona bila kuvunja lolote. Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza, mwalimu msaidizi huondoka wakati wa mapumziko. Je, meza ya maji na makundi madogo yanaweza kwenda pamoja wakati tuko wawili tu, au mojawapo isubiri? La pili, mtoto anayeng'ang'ania kona moja juma zima, kama yule wa kujenga aliyetajwa, nimhamishe kwa lazima au nimwache?

Jibu: Mwalimu wa darasa la awali

Yaende pamoja, na yote mawili yawe kabla ya mapumziko. Msaidizi akae kwenye maji na asiondoke hapo kwa sababu yoyote, nawe ukae na kundi dogo mahali ambapo ukiinua macho unaona kona zote. Dakika 10 za mwanzo wa kipindi usizifundishe. Zitumie kuzunguka hadi kila mtoto awe ameshika kazi, kisha uite kundi la kwanza. Ukijaribu kuita makundi yote manne siku moja utajikuta unawafukuza watoto kama mpiga debe, kwa hiyo anza na makundi mawili kwa siku hadi uzoee, halafu ongeza. Mwenzetu wa darasa la kwanza atanisamehe, lakini makundi mawili yaliyotulia ninayaona bora kuliko manne ya mbiombio. Baada ya mapumziko, ukiwa peke yako, fanya yale ambayo darasa zima huwa pamoja: michezo ya nje, nyimbo na hadithi.

Mtoto wa kona moja usimhamishe. Ipeleke kazi kwake. Mpe karatasi achore jengo lake kabla hajalivunja, muulize limetumia vipande vingapi virefu na vingapi vifupi, mwombe ajenge nyumba ya mhusika wa hadithi yenye mlango ambao mhusika huyo anaweza kupita. Mpelekee mwenzake mmoja mwenye shughuli tofauti ajenge naye. Kwenye kundi dogo ataitwa kama wengine wote, na kadi yake itamlindia jengo hadi arudi, hivyo hatakuwa na sababu ya kukataa kuja. Ikiwa majuma yanapita na bado hakaribii watu wala kitu kingine chochote, hapo si suala la kona tena, na mwalimu wa elimu maalumu aliyechangia hapo juu ndiye wa kumuuliza.

Juma la pili usibadilishe vyote vitatu kwa mpigo. Badilisha hadithi, meza ya maji uiache ilivyo, na kwenye kona ongeza kifaa kimoja tu. Na mabeseni yamwagwe kila siku kabla msaidizi hajaondoka.